Mimi Ndani ya Hamza

Mazungumzo ya leo yanaanzia Unguja, lakini yatarudi huku kwetu Ngara na Biharamulo kabla hatujaagana. Adam Shafi, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1940, alikuwa miongoni mwa watu wengi waliokamatwa na kutiwa ndani baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Alitoka, akaendelea na maisha, akaandika vitabu ambavyo wengi wetu tumevisoma shuleni: Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, Kuli mwaka 1979, Vuta N'kuvute mwaka 1999. Habari ya gereza haikuchapishwa mpaka 2003, katika riwaya iitwayo Haini, na anayefungwa humo haitwi Adam. Anaitwa Hamza. Ilipofika 2013 mwandishi yuleyule akatoa Mbali na Nyumbani, habari ya kijana wa Zanzibar anayeondoka kwao kutafuta elimu, akipita nchi baada ya nchi kuelekea kaskazini. Na humo hakuazima jina la mtu, safari ni yake na anayeisimulia ni yeye. Nataka tujiulize: kwa nini barabara aliisimulia kwa uso wazi, na gereza akampa mtu mwingine alibebe?

Jibu la haraka ni woga, nami silikubali. Jina la Hamza halimkingi mtu na kitu. Kila aliyekuwa na umri wa kusikia mwaka 1972 alijua kitabu kinasema nini, na mwenye nia mbaya hazuiwi na jina la kubuni. Nadhani sababu iko katika kazi yenyewe ya kusimulia. Anayesema "mimi" kwa jina lake halisi anabanwa na kuta za chumba alichofungiwa: anajua alichokiona, anajua kelele iliyotoka upande wa pili wa ukuta, anajua njaa ya tumbo lake. Hajui jamaa zake nyumbani wanalala saa ngapi, wala askari anayezungusha ufunguo amegombana na nani asubuhi ile. Riwaya inampa ruhusa ya kutoka nje ya ukuta na kuingia mioyoni mwa watu ambao tawasifu ingewaacha vivuli. Inampa na jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Mtu anayejieleza kwa jina lake huwa ana kesi ya kujitetea, hata kama hakuna aliyemshitaki. Akishayakabidhi maisha yake kwa Hamza, anaweza kumtazama Hamza kama anavyomtazama jirani: akaona anatetemeka, akaona anamshuku mwenzake bure, na asikimbilie kumfunika. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Riwaya iliyofinyangwa kutokana na maisha ya mwandishi ni njia ya kusema kweli ambayo tawasifu inaikosa, na wilaya zetu hizi mbili zinaihitaji kuliko sehemu nyingi za nchi hii.

Shaaban Robert aliligundua hilo mapema, akalitatua kwa namna yake. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na katika tawasifu yake, Maisha Yangu, anasema kwa jina lake mwenyewe. Tunamwona kazini, tunamwona akimlilia mkewe Amina, tunazisoma tenzi mbili alizowaandikia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Ni kitabu cha mtu mstahamilivu. Hata anapoonewa, sauti yake haipandi. Msomaji makini atauliza hasira ya mtu huyu imekwenda wapi, kwa maana hakuna Mwafrika mwenye akili kama ile aliyefanya kazi chini ya wakoloni miongo kadhaa asiwe nayo. Hasira iko katika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951, habari ya nchi inayoelea angani ambako Karama anasimamishwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Shaaban aligawa nafsi yake mafungu mawili: adabu akaiweka kwenye tawasifu, mashitaka akayapeleka mawinguni. Ukitaka kumjua karani yule lazima usome vyote viwili, tena usome kimoja huku kingine kiko wazi pembeni. Alichofanya Adam Shafi nusu karne baadaye ni kuyarudisha mafungu hayo katika mwili mmoja na kuushusha ardhini, kwenye kisiwa chenye jina na gereza lenye mlango.

Wajapani wana jina mahsusi la uandishi wa aina hii. Wanauita shishosetsu, yaani riwaya ya mimi, na wahakiki wao huuhesabu tangu mwaka 1907, Tayama Katai alipotoa Futon, kitabu ambamo mwandishi wa makamo anaungama jinsi alivyomtamani mwanafunzi wake. Katika kundi hilo yuko mwanamke mmoja ambaye naamini wasikilizaji wa huku wangemwelewa bila mkalimani. Hayashi Fumiko alizaliwa 1903. Mama yake na baba yake wa kambo walikuwa wachuuzi, watu wa kutembeza bidhaa mji hadi mji katika kisiwa cha Kyushu, na mtoto akabadilisha shule kama wengine wanavyobadilisha nguo. Alipofika Tokyo akawa mtumishi wa ndani, akauza vitu barabarani, akafanya kazi kiwandani na kuhudumia wateja mikahawani, na usiku akaandika. Mwaka 1930 maandishi hayo yakawa kitabu, Horoki, kwa umbo la shajara ya msichana asiye na makao, na kikanunuliwa kwa wingi usiotarajiwa. Ndani ya Horoki njaa haipambwi. Msichana anakosa nauli, anakosa kodi, anampenda mwanamume asiyefaa, na wakati mwingine anakuwa mchoyo au mwongo, na mwandishi hamtetei. Hayashi alikirekebisha kitabu hicho zaidi ya mara moja, na sehemu yake ya tatu ilisubiri mpaka baada ya vita ndipo ikatoka. Wapo wanaosema hapo ndipo uongo ulipoingia: shajara inayorekebishwa si shajara tena. Mimi naona kinyume. Aliyeyaishi maisha akiwa na miaka ishirini hajui yalikuwa na maana gani. Anayeyarudia akiwa na arobaini anaanza kujua, na kalamu yake inahitaji uhuru wa kupanga upya ili kweli ile isomeke. Anayeitaka risiti aende dukani.

Sasa turudi huku. Tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka kuwa moja ya makazi makubwa ya wakimbizi duniani kwa wakati ule, kisha zikafuata Lumasi na nyinginezo, na Warundi nao wakawekwa Lukole. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Yote hayo yameandikwa, tena yameandikwa sana. Ziko ripoti za Umoja wa Mataifa, ziko tasnifu za vyuo vikuu vya ng'ambo, kuna majedwali ya lita za maji kwa kichwa na gramu za mahindi kwa siku. Sizibezi ripoti hizo, maana huwezi kuagiza chakula cha watu laki mbili na nusu kwa shairi. Lakini humo mtu wa Ngara anaitwa "mwenyeji" na mtu aliyevuka anaitwa "mkimbizi", na baada ya majina hayo mawili hakuna mwenye uso. Watafiti wenyewe wametuonyesha kwamba wenyeji hawakuguswa sawasawa. Mwenye shamba kubwa alipata vibarua na soko la ndizi zake. Maskini aliona kuni na maji vikisogea mbali mwaka hadi mwaka. Walimu na wauguzi wakavutwa na mishahara ya mashirika, madarasa na zahanati zikabaki na pengo. Mtafiti anaweza kuandika sentensi hiyo na kwenda kwenye sura inayofuata. Mtunzi wa riwaya ya nafsi anabaki hapohapo, kwa sababu yeye ndiye mwalimu yule. Ameliacha darasa la tano katikati ya muhula akawe mkalimani wa kambi, amewaezekea wazazi wake nyumba ya bati, na kila anapokutana njiani na mwanafunzi aliyeshindwa mtihani mwaka ule anageuza macho. Hakuna fomu iliyowahi kumuuliza habari hiyo, na akiulizwa kwa jina lake hataisema. Akimpa mtu kama Hamza, ataisema yote.

Biharamulo nayo ina yake. Mamia ya maelfu ya watu hawakai kwenye mwamba mtupu. Walihitaji kupikia na kujengea, na misitu ya pande hizi ililipa. Kisha yakaja yale ya mapori: ujambazi wa silaha, na magari yaliyosubiriana ili yapite kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Dereva, utingo na mama mwenye mzigo wa dagaa waliokaa saa nzima kando ya barabara wakisubiri askari wenye bunduki wana kitabu vichwani mwao, na kitabu hicho kina maswali magumu juu ya nani walimtazama kwa shaka ndani ya basi na kwa sababu ya lafudhi gani. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipowatafuta wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, shaka hiyo ilipata fomu na mhuri. Kwa mtu wa mpakani, swali "wewe ni nani" haliulizwi na wanafalsafa. Linaulizwa kando ya barabara, na majibu yake yanatakiwa kwa sentensi mbili. Riwaya ndiyo mahali pekee anapoweza kulijibu kwa urefu unaostahili: bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvubu, babu alizikwa upande huu, lugha ya nyumbani inaeleweka pande zote mbili za mto, na mtoto ameimba wimbo wa taifa wa Tanzania kila asubuhi ya shule yake.

Majirani zetu wameshaanza. Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda aliyelazimika kukimbilia Burundi mwaka 1973, ameandika juu ya familia yake iliyoangamizwa, na pia ameigeuza shule aliyoijua kuwa riwaya, Notre-Dame du Nil, ya mwaka 2012. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Mwaka 2016 akatoa Petit Pays, ambamo mvulana aitwaye Gabriel, mwenye wazazi wa namna hiyohiyo, anauona utoto wake ukivunjwa na vita. Gabriel si Gaël, na mwandishi mwenyewe amekuwa akilisema hilo. Lakini bila Gaël, Gabriel asingepatikana. Bujumbura na mpaka wetu wa Kabanga ni safari ya siku moja, na radi iliyopiga kule ilisikika hapa. Hao wameandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili, lugha ya waliofungua milango, rafu zetu zina ripoti nyingi kuliko riwaya.

Najua mapingamizi yaliyopo, na la kwanza nitalipitia haraka: kwamba mtu wa kujisemea ni mtu wa majivuno, na kwamba huo ni ugeni. Si ugeni hata kidogo. Katika eneo hili lote la maziwa makuu, tangu Rwanda na Burundi mpaka Buhaya, kujivuga mbele za watu ilikuwa sanaa yenye kanuni. Wanyarwanda wana ibyivugo vyao, Wahaya wana ebyebugo vyao, na shujaa alisimama mbele ya mtawala akasema "mimi" kwa sauti ya juu. Ninachokubali ni kwamba kujivuga kulihesabu ushindi. Riwaya ya nafsi inachukua "mimi" ileile na kuitumia kuhesabu kushindwa, aibu na majuto, na kufanya hivyo kunataka ujasiri ambao hata mkuki hauutaki.

Pingamizi la pili ni zito, na wanaolitoa nawaheshimu. Wanasema maisha ya mtu si mali yake peke yake. Ukiandika habari zako umeandika za mama yako, za mkeo, za ndugu aliyekukosea, na wao hawakuombwa ruhusa. Siri ya mtungi aijuaye kata, basi kata isiende kuitangaza sokoni. Wajapani waliliona jambo hili katika sura yake mbaya kabisa. Shimazaki Toson, mmoja wa waandishi wao wakubwa, alikuwa na uhusiano na binti wa ndugu yake mpaka binti akapata mimba. Yeye akaondoka akaenda Ufaransa mwaka 1913. Aliporudi, akaiandika habari hiyo katika Shinsei, riwaya iliyotoka gazetini mwaka 1918 na 1919, binti akiwa hai na nchi nzima ikisoma. Mwandishi mwenzake, Akutagawa Ryunosuke, aliandika baadaye kwamba hajapata kukutana na mnafiki mjanja kama shujaa wa kitabu kile. Nakubaliana na Akutagawa. Kosa la Toson lilikuwa kuungama kwa namna iliyompa yeye msamaha na kumwachia binti fedheha. Kwa hiyo naweka sharti moja, na sioni kwamba linapunguza uhuru wa mtunzi: anayeandika awe mkali zaidi kwake kuliko kwa mwingine yeyote ukurasani, na mwingine abadilishiwe jina, kijiji, kazi, hata jinsia ikibidi, mpaka jirani asiweze kumnyooshea kidole. Ndiyo maana nasisitiza riwaya na si tawasifu. Tawasifu haina njia ya kumficha mama, riwaya inayo.

Liko na la tatu, ambalo hapa Ngara halikwepeki. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo waliokimbia kuuawa, waliokimbia vita, na waliokuwa wameua. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alionekana Benaco akiwa na nguvu juu ya watu. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Anayepinga atasema: ukimpa kila mtu kalamu ya "mimi", umempa na muuaji, naye atajiandika mhanga. Atajaribu, sina shaka. Lakini tangu lini uongo wa aina hiyo ulisubiri riwaya? Ulisemwa kwenye foleni za kuandikishwa, ulisemwa mbele ya mahakimu. Mtu anayejitetea tu kurasa mia tatu hujifichua, kwa sababu msomaji anaanza kuuliza maiti ziko wapi katika hadithi yako, na wewe siku ile ulikuwa umesimama upande gani wa kizuizi. Dawa ya simulizi ya hila ni simulizi nyingine pembeni yake: ya mama aliyepoteza watoto, ya mwenyeji aliyemuuzia mtu yule ndizi bila kujua mikono yake ilifanya nini, ya mlinzi wa kambi aliyejua na akanyamaza kwa sababu alihofia maisha yake. Kinachonitia hofu ni ukimya unaoacha neno la mwisho kwa yule mwenye sauti kubwa. Na kwa anayehofia kwamba simulizi hizi zitatonesha kidonda, kidonda hiki hakijafunga. Watoto waliozaliwa baadaye wanaukuta uchungu mezani bila kuelezwa ulikotoka.

Wengine huuliza juu ya lugha. Nyumbani Kihangaza, Kishubi au Kisubi, vitabu Kiswahili. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980 ikiwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata alifariki. Andika kwa lugha ambayo kisa kinakujia nayo usiku, kisha ulete Kiswahili ili mtu wa Tanga na Mombasa naye asome. Ila usiiache kazi hiyo mpaka mwisho wa maisha yako. Tena huku tuna bahati ambayo Kitereza hakuwa nayo. Radio Kwizera ilianzishwa hapa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, katika kipindi kilekile cha dhoruba, na imewazoesha watu wetu jambo moja adimu: kusikia sauti za watu wa kawaida wa huku zikizungumza hewani kwa Kiswahili juu ya mambo yao. Anayeweza kusimulia mbele ya kipaza sauti tayari ana rasimu ya kwanza.

Tena muda bado upo, ingawa si mwingi. Haini ilimchukua Adam Shafi miaka 31 tangu Aprili ile ya 1972, na Mbali na Nyumbani, safari ya ujana wake, aliitoa akiwa ameshavuka miaka 70. Binti aliyekuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya Aprili 1994, akiwa amesimama kwenye ukingo wa shamba la migomba la baba yake akiwatazama watu wanaopanda kilima kutoka Rusumo wakiwa na magodoro vichwani, leo amevuka miaka arobaini. Anakumbuka nani kwao alifungua mlango na nani alifunga. Daftari la kurasa mia mbili linauzwa dukani Ngara mjini, na jina la kumpa yule binti wa kwenye hadithi atalichagua yeye.